Baba wa Kuniozesha

Shangazi yangu hajui kunong'ona. Alirudi kutoka msibani Pande, akaingia uani kwetu Mitole hajavua hata viatu, akasema mbele yetu sote tuliokuwa tunabangua korosho, "Nimemwona mama yetu leo. Msichana mbichi, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi."

Mama yao, yeye na baba, alifariki zamani. Shangazi akasema msichana yule ana kidevu kile kile chenye mfereji katikati, na anakuna kwa mkono wa kushoto kama marehemu. Alimuuliza umri, akajibiwa ishirini na minne, sawa na mimi. Alimuuliza alipozaliwa, akatajiwa kituo cha afya kile kile nilikozaliwa mimi. Hapo akanigeukia. Nikamwambia aende akaoge, huenda ametoka na jini huko makaburini. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, nami nikamfuata, maana harusi yangu ilikuwa imebakiza miezi miwili na sikutaka mtu aniletee mkosi. Nilimkuta amekaa kitandani.

"Tulikuwa wawili," akaniambia. Wiki mbili kabla ya kujifungua alilala pale kituoni, kwenye chumba cha wajawazito wanaosubiri siku zao, yeye na mwanamke wa Pande. Wakapendana kama ndugu. Wakanunua doti moja ya kanga, wakaikata katikati, kila mmoja akabaki na kipande chake, ukumbusho wa urafiki. Uchungu uliwashika siku ile ile. Muuguzi alikuwa peke yake. Akawapima watoto uzito, akawarudisha kwa kufuata kanga walizofungwa.

"Niliiona kanga yangu," mama akasema. "Sikutazama zaidi."

Nilimkasirikia. Si kwa kosa lile, bali kwa kulisema.

Vipimo vya vinasaba vilipelekwa Dar es Salaam. Wiki zile za kusubiri simtakii hata adui yangu. Wapo waliosema mama alitoka nje ya ndoa. Wengine wakaja kutufariji, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, huku macho yao yakikagua pua yangu. Baba aliamka, akaenda shambani kupalilia mikorosho aliyokwisha kuipalilia. Majibu yakaja: mimi wa Pande, yule wa Mitole.

Nilipelekwa kuwaona. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba, na mwanamke aliyenizaa akanishika vidole vya miguu kimoja kimoja kama anayehakikisha vimetimia. Mumewe, mkulima wa ufuta, mtu mfupi mwenye masikio yangu, alinitazama mara moja tu. Yule mwenzangu alikaa kando ya mama yangu, na wote wawili hawakujua pa kuweka mikono. Sikuwachukia. Ila nilitaka kurudi nyumbani.

Nilidhani limeisha. Kumbe shehe alikuwa bado hajafika kwetu.

Alikuja wiki mbili kabla ya harusi, akaketi jamvini na baba. "Mzee, walii ni baba mzazi. Wewe huwezi kumwozesha huyu. Ukimwozesha, ndoa haisihi."

Baba alikuwa amekaa kimya siku zote zile, basi siku hiyo akasema. "Shehe, kitanda hakizai haramu. Huyu ni wangu."

"Msemo huo haukuhusu," shehe akajibu kwa upole. "Huyu hakuzaliwa kwenye kitanda chako."

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikatoka bila kujitanda, nikawaambia kama baba haniozeshi basi siolewi, na mchumba akatafute mke kwingine huko kwao Kiranjeranje. Mama akanivuta kwa nyuma. Nilimaanisha kila neno. Niliiona siku ile mbele yangu: mgeni wa Pande amekaa mbele msikitini, na baba yangu, aliyenibeba mgongoni akanivusha maji ya masika kwenda shule, amekaa nyuma pamoja na waalikwa.

Ikabidi aitwe mwenye haki. Mzee wa Pande alifika Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa uangalifu. Alikataa chai. Nikajiambia amekuja kuchukua chake, na kwa kweli nani angemlaumu? Alisikiliza maneno ya shehe mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Walii anaruhusiwa kuweka wakili?"

"Anaruhusiwa."

Akamgeukia baba. "Bwana, nimekuweka wakili wangu. Niozeshee mwanangu."

Baba aliposikia neno lile, mwanangu, akainama akanyoosha jamvi lililokuwa limenyooka. Mwishowe akasema, "Nimekubali," wakapeana mikono, na mama akalia kwa sauti kule jikoni. Mimi nilifurahi kwa furaha ya kijinga kabisa. Nilijua nimeshinda. Hakuna aliyeniambia wakili husema nini.

Siku ya siku nilikaa chumbani na mama, nimepakwa hina mpaka vifundoni, tunasikiliza kipaza sauti kutoka msikitini. Hotuba ilikwisha. Kisha nikaisikia sauti ya baba, sauti aliyoniitia uji. Akamwita mume wangu kwa jina. Akasema, "Nakuozesha," akalitaja jina langu, akasema, "binti wa," halafu akanyamaza.

Kipaza sauti kikabaki kinavuma. Mama akanishika mkono. Nikasikia shehe akimsaidia kwa sauti ya chini, na baba akimwambia, "Najua. Niache nilitamke mwenyewe."

Akarudia tangu mwanzo. Akalitaja jina langu, na baada yake, wazi, bila kutetereka, mji mzima ukisikia, akalitaja jina la yule mwanamume mwingine.