Kipande cha Nne Kilipokwenda Busia Nyingine

Kwangu mimi barua zinanukia uji wa muhogo ulioungua kidogo chini ya sufuria. Nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, Mama hakununua bahasha hata siku moja. Alikata mifuko ya kaki ya sukari, akaikunja kwa rula, na mimi nikapewa kazi ya kukoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto mpaka ugeuke gundi. Gundi hiyo ikikauka ilishika kuliko ya dukani, ila mende waliipenda mno, kwa hiyo bahasha zetu zilikaa ndani ya debe la biskuti lenye mfuniko zikingoja siku yao. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Anwani zote niliziandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa shuleni, nami nilijua kwamba unasifiwa. Nilikuwa na kiburi kidogo ambacho mwaka huo kilinitokea puani.

Bahasha hizo zilibeba riwaya moja tu. Ilikuwa ya Kiswahili, nene, haina jalada wala kurasa za mwanzo, hivyo hatukujua nani aliiandika wala inaitwaje. Sisi tuliiita Kitabu cha Tabitha. Mwalimu Amoit wa Kwapa ndiye aliyeikuta ndani ya sanduku la vitabu chakavu shuleni kwake. Yeye, Mama na Bi Zuhura wa mjini Tororo walikuwa marafiki tangu usichana, walipojifunza ushonaji pamoja kwenye baraza la nyumba ya kina Bi Zuhura. Mwalimu Amoit alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, Bi Zuhura alikuwa Mwislamu, mjane wa mtu wa malori, na Mama alikuwa Mprotestanti wa kwaya. Kila mmoja alitaka kuisoma na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho, kwa hiyo Bi Zuhura aliipasua kwa wembe vipande vinne, akakishona kila kipande mgongoni kwa uzi mzito, na vipande vikaanza kuzunguka kwa posta: Kwapa, Tororo, Busia, kisha Kwapa tena. Walijiwekea sheria zao. Maoni yaandikwe kwa penseli kwenye vikaratasi, vibanwe pembeni mwa ukurasa kwa pini za kushonea. Na aliyetangulia asimdokezee mwenzake yaliyo mbele, hata akiombwa vipi.

Tabitha wa kitabuni alikuwa mpishi wa misheni. Siku moja, akikoroga maharage, jiko zima lilijaa mwanga na akamwona mwanamke amesimama kando ya kuni akimwita kwa jina. Mwanamke huyo akarudi tena, na tena. Mume wa Tabitha alisema mkewe ni mgonjwa, padri akamhoji siku tatu, majirani wakagawanyika, nusu wakileta watoto wao kuguswa naye na nusu wakikataa kula chakula chake. Vikaratasi navyo viligombana. Mwalimu Amoit aliandika, "Padri anatimiza wajibu wake." Bi Zuhura akajibu chini yake, "Wajibu huo ungeanza kwa kuuliza huyo mwanamke alisema nini. Yeye ameuliza alivaa nini tu." Mimi nilivisoma vyote kabla ya kufika mezani kwa Mama, nikicheka peke yangu jikoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mdogo wangu Wandera alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka minne. Mama aliacha kwaya, kisha kanisa, kisha kibanda chake cha nguo sokoni. Ilifika miezi minane hajapita bomba la maji lililokuwa hatua chache kutoka kwetu. Baba alikuwa Majanji kwenye biashara ya samaki, akija kila baada ya wiki mbili, na akija alikaa naye mezani bila kujua aseme nini. Majirani walizoea kunituma mimi salamu. Kitabu cha Tabitha ndicho kilichoanza kumtoa Mama kitandani mapema. Siku kipande kikifika alichana nywele, akakaa karibu na dirisha, na mimi niliipenda riwaya ile kwa sababu hiyo kabla sijajua inasema nini.

Kipande cha tatu kilipokuwa tayari kurudi Kwapa, nilifungua vikaratasi kama kawaida yangu nikakuta kimoja cha Mama. Kilisema: "Mimi namwona Wandera. Anasimama kwenye bomba na kikombe chake. Si ndoto, ni mchana. Sijamwambia mtu. Nangoja mwisho, kitabu kitasema kama Tabitha ni mzima au ni mgonjwa. Nikishajua yeye, nitajijua mimi." Niliogopa. Sokoni kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyesemekana amerukwa na akili, na watoto walimfuata wakimrushia maganda ya ndizi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfuata. Jioni nilipokuja kubandika bahasha, kikaratasi hakikuwemo tena. Mama alikuwa amekichomoa, na ukurasa umebaki na matundu mawili ya pini. Tangu siku hiyo nilingoja kipande cha nne kuliko yeye, na kila nilipokwenda kuchota maji nilichota haraka bila kutazama pembeni.

Sasa niseme kosa langu. Bahasha za mzunguko mzima tulizitengeneza sisi na kuwapelekea wenzetu zikiwa na anwani tayari. Mama alikuwa na agizo moja: kila inayokuja kwetu iandikwe UGANDA kwa herufi kubwa, maana ng'ambo ya mpaka kuna Busia nyingine, ya Kenya, nayo ina posta yake na masanduku yake yenye namba zilezile. Kwenye bahasha ya kipande cha nne nilitaka kuonyesha ufundi. Nilichora majani kuzunguka pembe zote, mazuri kwelikweli, na nilipomaliza hapakuwa na nafasi ya kuandika nchi. Nikajiambia barua ya Tororo kuja Busia haiioni Kenya hata kidogo, basi kuna haja gani? Sikujua kwamba Bi Zuhura angekwenda Bungoma kwa binti yake aliyekaribia kujifungua, akiwa na kipande cha nne kwenye mkoba, akimalizie hukohuko, na kukitia posta hukohuko kwa stempu ya Kenya.

Wiki zilipita. Mama alinituma posta mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Kisha ikaja barua ya Bi Zuhura: mjukuu amezaliwa salama, wa kike, na je, umemaliza kitabu? Alikuwa amekituma kutoka Bungoma ile wiki ya kwanza. Mama aliisoma amesimama. Akaniuliza kama niliandika Uganda kwenye bahasha. Nilisema sikuandika, nikafumba macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Mama alikuwa amekaa kitandani, ameinama, anavuta boksi la viatu vyake vya kahawia kutoka uvunguni. Vilikuwa na vumbi la miezi minane. Alinipa kitambaa nikavifuta, na nilivifuta muda mrefu kuliko vilivyohitaji kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka anione.

Tulitoka saa nne asubuhi. Kwenye bomba Mama alipunguza mwendo, akatazama mahali fulani karibu na jiwe la kufulia, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kisha tukaendelea. Barabara ya mpakani ilikuwa na foleni ya malori, madereva wamelala chini ya matela, wanawake wamebeba mabeseni ya nyanya, na vijana wa boda, enzi hizo wakitumia baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, wakitupigia kengele tupande. Wauza nguo waliomfahamu waliinuka kumsalimia. Mmoja alimshika mkono na kumwuliza kama ni yeye kweli. Mama alijibu salamu zote, kwa sauti ndogo, bila kusimama. Tulivuka kwa miguu kama watu wengine wanaokwenda kununua sabuni. Kwenye posta ya ng'ambo karani alituambia sanduku lenye namba yetu ni la Mutua, fundi wa redio, nyuma ya stendi.

Mutua alikuwa mtu wa Machakos aliyehamia Busia kwa kazi, mnene kidogo, miwani imefungwa kwa waya. Duka lake lilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mteja mmoja alikuwa amekaa pembeni na redio yake mapajani. Bahasha yangu ya majani niliiona kabla ya kitu kingine chochote, imewekwa juu ya rafu.

"Mimi nakuja kwa ajili ya kitabu," Mama alisema; Kiswahili alikisoma na kukiandika vizuri kuliko alivyokisema. "Ile bahasha. Ilipotea."

"Ni yako?" Mutua alicheka. "Mama, hiyo kitabu imenisumbua. Nilifungua nikidhani ni mtu ameniandikia mambo ya redio. Nikasoma ukurasa moja, nikashindwa kuacha. Sasa mimi najua mwisho na sijui mwanzo. Huyo Tabitha mwishowe…"

Mama aliinua mkono. "Usiseme. Mimi bado kusoma."

"Haya, sisemi. Lakini wewe umesoma mwanzo, si ndio? Basi nisaidie, kwa sababu huku mwisho hawasemi. Nimerudia mara mbili. Huyo mama alikuwa anaona kweli, ama alikuwa tu mgonjwa?"

Nilimwona Mama akishika ukingo wa meza. Mutua hakujua amesema nini, lakini mimi na Mama tulielewa wakati uleule: kitabu hakina jibu. Kile alichokingoja, kilichomvalisha viatu na kumvusha mpaka, hakikuwemo ndani ya bahasha ile. Nilidhani atageuka turudi nyumbani, alale tena kama zamani, na kwamba mimi na majani yangu ndio tuliomleta hapo kuambiwa hivyo mbele ya watu.

"Alikuwa naona," Mama alisema. Kisha, polepole, "Mimi pia naona mtoto yangu. Alikufa mwaka jana. Yeye nakuja kwa bomba, mchana."

Nilimtazama yule mteja, nikawatazama wapita njia, nikitafuta nani ataanza kucheka. Mutua aliizima redio aliyokuwa akiijaribu. Hakusema pole. Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia Mama, akaweka bisibisi chini.

"Huwa anafanya nini?" aliuliza.

Mama alikaa. "Yeye nakunywa maji," alisema. "Nakunywa yote, halafu nageuza kikombe hivi, kuonyesha imeisha." Akageuza mkono hewani, kama Wandera alivyofanya kila siku ya maisha yake mafupi, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Nililikumbuka palepale na nikaanza kulia, na Mama naye akalia, huku akicheka. Alimsimulia Mutua habari za Wandera mpaka yule mteja mwenye redio mapajani akaingilia kati na habari za dada yake aliyezama, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

Mutua alitupa kipande cha nne kwa sharti kwamba atumiwe cha kwanza, cha pili na cha tatu. Akanielekeza mimi, kwa kidole, niandike KENYA. Hivyo ndivyo wasomaji walivyokuwa wanne, na vikaratasi vyake vilikuwa vya kuchokoza tu, maana hakuamini chochote na alitaka kila kitu kielezwe. Mama alisoma mwisho usiku uleule. Kwenye ukurasa wa mwisho Tabitha anarudi jikoni, anaweka sufuria motoni, basi. Mama alibana kikaratasi kipya hapo, kirefu, na safari hii hakukichomoa. Mwalimu Amoit alimwombea Wandera misa. Bi Zuhura aliandika kwamba kwao wanafundishwa mtu akioneshwa jema amsimulie anayempenda, kisha akaongeza, "Wewe umeanza na fundi wa redio. Haya, hata sisi tupo." Kibanda cha sokoni kilifunguliwa mwezi uliofuata. Kanisani alirudi baadaye, kwanza kwenye benchi la nyuma, mwisho kwenye kwaya.

Mimi sasa ni muuguzi Tororo. Mpakani pamejengwa jengo kubwa la forodha, na boda zina injini. Nimo kwenye kundi la wasomaji kwenye simu, watu zaidi ya hamsini, na kitabu hutufikia sote kwa dakika moja. Kabla ya chakula cha mchana mtu ameshamwaga mwisho. Sinung'uniki. Simu hiyohiyo hunipa sauti ya Mama kila siku, na wakati ule ningetoa chochote ili Bi Zuhura aweze kuuliza siku ileile kama bahasha imefika. Ila kwenye kundi letu maswali hujibiwa haraka mno. Mtu akiandika jambo linalomuuma, anapata alama za mikono iliyoshikana thelathini, na mazungumzo yanahamia kwingine. Naituma mikono hiyo mimi pia.

Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko kazini, nilimpigia Mama. Tuliongea habari za mvua na mahindi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumtajia Wandera wa bombani. Nilijiambia kwamba namheshimu, kumbe nilikuwa bado yule mtoto mwoga anayechota maji haraka. Siku hiyo nilimwuliza kama bado anamwona. Akasema kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, kwamba ni mara mojamoja tu, na kwamba siku hizi humchukua muda kumtambua, kwa sababu amekuwa mtu mzima, ana ndevu. Nilifunga mlango wa chumba cha dawa, nikavuta kiti, nikamwomba anieleze amefanana na nani.