Paswadi ya Cherono

Kwa miaka tisa Cherono alisimamia hosteli ya wanafunzi huko Njoro, na kwa miaka hiyo yote wapangaji wake hawakumjua kwa lolote zaidi ya "Mathe, nifungulie geti." Walipita mlangoni pake masikio yamezibwa na muziki, macho kwenye simu, wakimwona kama wanavyoona nguzo ya stima.

Kisha ikaja waifai. Mwenye nyumba aliamua kile kisanduku chake kikae chumbani kwa Cherono, juu ya kabati la vyombo. Hazikupita wiki mbili, vijana wa ploti ya jirani wakaanza kukaa juu ya ukuta kama kunguru, wakiinyonya bure. Fundi akaitwa, naye akamwonyesha Cherono jinsi ya kubadilisha paswadi kwa simu yake mwenyewe. "Badilisha kila wiki, mathe. Na usiwahi kuibandika ukutani."

Cherono aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila Jumatatu alibadilisha paswadi, na kila Jumatatu foleni ikajipanga mlangoni pake. Hukuipata hivi hivi tu. Ulisalimu kwanza, ukaulizwa kwenu ni wapi, mama yako anaendeleaje, na mbona umekonda.

"Niaje mathe, paswadi," Thuo alimwambia siku ya kwanza, akimnyooshea simu. Thuo alisomea kilimo na alikuwa mtu wa haraka siku zote.

"Rudi mlangoni," Cherono akamjibu, "uingie tena kama mtu aliyelelewa."

Akarudi, akaingia upya. Kufikia katikati ya muhula alikuwa anakaa hadi chai inaisha.

Jumamosi moja Cherono aliamka akakuta sinki ya jikoni imejaa sufuria zenye ukoko wa ugali, na maji yamefurika hadi kwenye korido. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, maana siku hiyo mpwa wake Abby alikuwa anaposwa huko Subukia. Alipandwa na hasira. Akachukua simu, akabadilisha paswadi papo hapo ingawa haikuwa Jumatatu, akaapa kwamba hapati mtu hadi zile sufuria zing'ae. Kabla hajabisha hata mlango mmoja, gari la kaka yake likapiga honi nje, na Cherono akaondoka na ile paswadi kichwani.

Subukia kulikuwa kumependeza. Hema lilifungwa uani, wageni wa upande wa bwana harusi wakapangwa kwenye viti, na Cherono akazima sauti ya simu kwa heshima. Alipoichungulia saa saba na nusu mchana, alikuta amepigiwa mara sitini na moja.

"Hosteli imeungua," alijisemea, akatoka mbio hadi kando ya tangi la maji, mahali pekee mtandao uliposhika vizuri, akapiga.

Aliyepokea ni Kimberly, msichana wa chumba namba nne, mpole ambaye kwa kawaida huongea kama anayenong'ona kanisani. Leo alikuwa anapiga kelele.

"Mathe! Tuna mtihani saa nane! Ni wa mtandaoni, kamera inatuangalia tukiandika, bando haziwezi! Paswadi ni gani?"

"Mungu wangu. Hamjaungua?"

"Hatujaungua! Tumejaribu kila kitu! Tumejaribu Cherono, tumejaribu Njoro. Thuo amejaribu Malkia, ng'ombe wenu wa zamani. Tumejaribu jina la marehemu mzee wako, pole mathe, na ule wimbo unaimbanga ukifua."

Cherono aliegemea tangi. Hakujua kwamba yale aliyowasimulia kwenye foleni yalikuwa yanashikwa na mtu.

"Mathe? Uko?"

"Niko," alisema, akahisi uso unamchoma. Sasa angeisemaje? "Andika. Wavivu nyote."

"Nini? Unakatika!"

Ndani ya hema, wakati huohuo, Mzee Ndegwa, msemaji wa wageni, alikuwa amesimama anaeleza jinsi ukoo wao unavyojulikana kwa bidii ya kazi. Watu walikuwa wametulia tuli wakimsikiliza.

"WAVIVU!" sauti ya Cherono ikapasua ua mzima. "WAVIVU NYOTE! YAUNGANISHE! WAVIVU NYOTE!"

Alipogeuka, hema zima lilikuwa linamtazama. Kimaiyo, kaka yake, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Abby alikuwa ameinama chini ya leso yake, mabega yakitetemeka.

"Mama," Mzee Ndegwa akauliza polepole, "umetujua kwa muda gani?"

Ikambidi Cherono aje mbele aeleze yote: waifai, sufuria, mtihani. Alieleza kwa aibu, huku akikunja pindo la leso. Mzee Ndegwa alimsikiliza kwa uso mkavu hadi mwisho, kisha akacheka hadi akakaa chini. "Nina watatu chuoni," alisema akifuta macho. "Hiyo paswadi nipe, nikaitumie nyumbani."

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kama maji, na hata mambo yaliyotarajiwa kuleta ubishi yalipita kwa kicheko. Kabla ya keki, ujumbe wa Kimberly ukaingia: wote walikuwa wamewahi mtihani, na wote walikubali kwamba wao ni wavivu.

Jioni ya Jumapili Cherono aliwapa paswadi ya muhula mzima, akawaambia hakuna tena mambo ya foleni. Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini Jumatatu ilipofika aliweka maji mengi ya chai jikoni kwa mazoea, kisha akajicheka.

Saa kumi mlango ukabishwa. Ni Kimberly, amejifunga shuka mabegani.

"Umesahau paswadi?" Cherono akamuuliza.

"Hapana, mathe. Chumbani kuna baridi tu."

Cherono akamsogezea kiti, akaenda kutafuta kikombe cha pili.