Chini ya Jiwe Kuna Jiwe

Somo letu la kwanza la historia ya dunia tulifundishwa ndani ya samadi. Sifanyi utani. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na mwalimu wetu wa jiografia, Mzungu mwembamba ambaye hakupata kujifunza kuvaa kofia, alitupeleka kwenye boma la ng'ombe lililoachwa zamani. Katikati ya boma palikuwa pamechimbwa shimo, ukuta wake umekatwa wima. Akatuambia tushuke. Karibu sote tulikuwa watoto wa wafugaji, na tulikuja chuoni hasa ili tusikanyage tena samadi. Tulishuka na kaptula zetu nyeupe zilizopigwa pasi, tumenuna.

Lakini yule mtu alijua kazi yake. Alituonyesha mistari ukutani: mweusi mzito wa masika, kisha mwembamba mkavu wa kiangazi, tena mweusi, tena mkavu. Mahali fulani ulipita mstari wa majivu, kwa kuwa boma liliwahi kuungua. Cha chini ndicho cha zamani, alisema, na dunia nayo imejipanga hivyo hivyo, ila huko tutahesabu miaka ambayo hapakuwa na ng'ombe, wala nyasi, wala mtu wa kuhesabu. Nililipenda somo lile kuliko yote niliyowahi kufundishwa. Wiki ile nilichungulia kila korongo na kila shimo la choo lililokuwa likichimbwa, wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka.

Safari iliyofuata alitupandisha kwenye mawe makubwa nyuma ya chuo, yale ya kijivu yenye madoadoa ambayo yeye aliyaita granaiti. Akatuuliza mistari iko wapi. Tukatafuta, hatukuiona. Akasema haipo. Jiwe hili lilikuwa moto, limeyeyuka, likapoa polepole huko chini kabla ya kiumbe chochote kuwapo, na tangu hapo ni jiwe moja tu. Wenzangu wakawa wanataka kujua kama hayo yanapatana na kitabu cha Mwanzo. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza habari za maji.

Niliuliza kwa sababu ya baba. Kwetu ni upande wa Kishapu, na mvua zilikuwa zimetukataa. Majirani walikuwa wanahamia Geita na mifugo yao, kulikofyekwa mapori. Baba hakutaka hata kusikia. Geita aliijua: wakati wa vita alikuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu, chini kabisa, akarudi na kikohozi na chuki ya mahali pale. Tena alirudi na jambo moja aliloliona kwa macho yake. Kule mgodini maji yalikuwa yakitoka kwenye mwamba wenyewe, usiku na mchana, na pampu ikizimwa watu hukimbia. Kwa hiyo alipoamua kuchimba kisima nyumbani na sururu ikagonga jiwe, mahali ambapo mtu mwingine angetupa sururu na kutukana, baba alifurahi. Alijua yuko karibu.

Mwalimu alinisikiliza vizuri. Akanieleza kwamba miamba ya Geita ni ya aina nyingine, imekunjwa na kupasuka, na maji hupita kwenye nyufa. Granaiti ikiwa nzima haina pa kuyaweka. Maji hukaa juu yake, kwenye udongo na jiwe lililooza, na hapo pakikauka ndiyo basi.

"Na chini ya jiwe kuna nini?" nikauliza.

"Jiwe," akasema. "Hilo hilo."

Likizo ilipofika nilipata lori mpaka njia panda, kisha nikatembea. Karibu na nyumbani nikamkuta mama anatoka mtoni na debe la maji kichwani. Ninaposema mto nasema mchanga. Walikuwa wakiufukua, wanangoja yajikusanye, wanachota kwa kibuyu. Nikamwamkia, nikampokea debe.

"Utapika nini leo, mayu?"

"Haya si ya kupika," akasema. "Ni ya jiwe."

Sikuelewa mpaka tulipofika. Baba alikuwa anapasua mwamba kwa moto. Alikuwa akishusha kuni shimoni, anaziwasha, moto ukiisha anamwaga maji ya baridi juu ya jiwe la moto ili lipasuke, halafu anashuka na nyundo na tindo. Kila siku debe moja la maji liliingia shimoni kutafuta maji. Mama alikuwa ameacha kubishana. Njiani alikuwa ameniambia tu, "Mwambie wewe uliyesoma. Wenzetu walipohama ndipo tulipaswa kuhama, hilo limepita. Lakini maji haya tungeyanywa."

Baba alipokea shikamoo yangu bila kugeuka, akachukua debe. Maji yalipogusa jiwe pakatoka sauti ya kukaanga na wingu la mvuke. Ng'ombe waliobaki bomani waliisikia harufu. Mmoja aliweza kusimama, akaja anapepesuka, akanyoosha shingo juu ya shimo, na baba akamfukuza kwa fimbo. Baba huyu huyu zamani alikuwa akiwaimbia ng'ombe wake. Sikuwahi kumwona akimpiga mmoja wao, na nilitamani kulia kama mtoto.

Jiwe lilipopoa nikaomba nishuke. Nilipapasa kila upande. Sitaficha, nilikuwa natafuta ufa. Nilitaka mwalimu wangu awe mwongo, nilitaka unyevu wa upana wa kidole tu, niende chuoni nikamwaibishe mbele ya darasa. Vipande vilivyobanduka vilikuwa vyembamba, na chini yake jiwe lilikuwa safi, linang'aa, madoadoa yale yale. Nikapanda.

Nikamweleza yote: moto wa zamani, kupoa, jiwe moja, miamba ya Geita ilivyo tofauti. Nilieleza vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa fimbo hata, kwa kuambiwa kwamba Wazungu wamenitia wazimu. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "hili jiwe lilikuwa hapa tangu lini?"

"Kabla ya watu, baba. Kabla ya nyasi."

"Kwa hiyo siku babu yako anakuja kuchagua pa kujenga, lilikuwa hapa chini."

"Lilikuwepo."

"Na hiyo elimu yako inasema maji yako wapi?"

Sikujua. Tulikuwa tumefundishwa mahali yasipoweza kuwapo. Nikamwambia hivyo, na baba akaitikia kwa kichwa, akakubali. Heri angebisha. Miezi yote ile alikuwa ameamka na kazi ya kufanya, na mimi nilikuja na kaptula yangu ya chuo nikamnyang'anya, mkononi sina kitu cha kumpa badala yake. Mama aliinuka kizingitini, akachukua debe tupu akarudi mtoni. Usiku ule tulikunywa maji ya kutosha.

Asubuhi baba aliondoa kuni zilizokuwa kando ya shimo, akaondoa tindo na nyundo, akaniita nishike jembe. Alisema tulifukie shimo, ndama wasije wakatumbukia. Tukafukia mpaka jua likawa kali. Ndama alikuwa amebaki mmoja, na tangu juzi yake alikuwa hawezi kusimama.