Tonton na Hapana ya Kwanza

Mdogo wake mama, mjomba wetu, tulimwita Tonton, kama wanavyoita wajomba zao watoto wote waliokulia ng'ambo ya mpaka, kule Bukavu. Mungu alimpa ulimi. Kabla ya kuingia mambo ya wakubwa alikuwa msemaji wa posa, na hapa Kamembe familia iliyojiheshimu haikwenda kuomba mke bila Tonton kusimama mbele na fimbo yake.

Asiyejua posa zetu nimweleze. Upande wa kijana ukifika, upande wa binti unakataa. "Huyo tulishamuoza." "Hapa hakuna msichana, mmekosea nyumba." Wote wanajua ni mchezo, na msichana mwenyewe yuko chumbani anapakwa mafuta. Msemaji anakataliwa, anatania, pombe ya ndizi inaletwa, anaomba tena, mpaka anapewa. Ukikubali mara moja ni aibu, watu watasema mlikuwa mmemchoka mtoto wenu.

Ufundi huo Tonton akaupeleka ofisini. Wakulima wa mpunga wa Gikundamvura walipotaka mfereji wao utengenezwe, walimtuma yeye. Watu wa Rwimbogo walipolilia barabara, yeye. Matajiri walipotaka amri fulani ilegezwe kabla haijatoka, walikuja kumchukua kwa gari. Kazi hiyo tuliiita demarshi: kwenda kwa wakubwa kuwasemea wengine. Mkubwa alikataa, Tonton alicheka, akauliza habari za watoto, akarudi siku nyingine. Na kweli alipewa! Wakati wa uchaguzi wagombea walijaa sebuleni kwetu wakimwita Mzee, na hata mvi hana. Mimi nilichemsha chai na kununa, maana hakuna hata mmoja aliyeosha kikombe chake.

Mama alikuwa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Baba alikufa tukiwa wadogo, kwa hiyo ile meza ya mama sokoni ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, pamoja na huyo Tonton mwenyewe, ambaye mama alimlea kama mtoto wake. Likajengwa soko jipya la ghorofa, na soko la zamani likapewa amri ya kubomolewa. Akina mama wa samaki walitaka chini, karibu na mlango. Nani atapanda ngazi kufuata sambaza? Wakamtuma Tonton.

Alirudi anatabasamu. Mkubwa alikuwa amemwambia kwamba chini kumejaa, na anayetaka juu ajiandikishe kabla ya wiki kuisha, la sivyo nafasi watapewa wengine.

"Musijiandikishe," Tonton akawaambia, amesimama katikati ya beseni za samaki. "Bakubwa banakataa kwanza, ni heshima yabo. Tukikimbilia juu, batasema tulikuwa na njaa. Mutulie tu. Batatuita."

Mama mmoja akauliza, "Na kama hapana yake ni ya kweli?"

"Aka! Maman, weye ulishaona posa gani benye binti banakubali siku ya kwanza?"

Wakacheka. Mama yangu alicheka kuliko wote, kwa fahari. Jioni nilimwambia, Mama, nenda ujiandikishe, ofisi si ukweni. Akanifokea kwamba nisimfundishe kumjua mtu ambaye yeye mwenyewe alimtawaza na kumwogesha utotoni.

Wiki ikaisha. Hakuna aliyeitwa. Juu wakapewa wauza viatu na vitenge, chini kulikuwa kumejaa kweli, na meza ya mama ikabomolewa pamoja na nyingine. Tonton alikimbilia ofisini kucheka na kuuliza habari za watoto. Safari hii hata kiti hakupewa.

Mpanda ngazi hushuka, lakini yeye alianguka. Habari ilitembea haraka kuliko gari lolote. Wa Gikundamvura wakatafuta msemaji mwingine, matajiri wakaacha kupiga simu, na kwenye posa watu wakaogopa mkosi wake. Alianza kukaa karibu na uwanja wa ndege, amevaa koti, akingoja wakubwa wanaoshuka kutoka Kigali ili awasalimie. Walimpa mkono huku wanatazama simu zao. Nilimwona siku moja nikageuza njia, kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi ilizidi. Mama alikuwa anatembeza sambaza kichwani, miguu imevimba, akifukuzwa huku na huku kama mwizi. Hakumtukana ndugu yake hata mara moja. Ningefurahi angemtukana.

Kisha nikaposwa mimi. Tonton akaja kwa mama. "Dada, nitamusemea mutoto wetu."

"Hapana," mama akasema, akiendelea kuchagua maharage.

Tonton akacheka. "Sawa, nitarudi." Akarudi. "Hapana," mama akasema tena.

Siku ya posa upande wetu ulisemewa na jirani, mtu wa kwaya, asiye na utani kabisa. Nilikuwa chumbani, Tonton akaja dirishani upande wa ua, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi.

"Bado anakataa?"

"Bado, Tonton."

"Vizuri. Namujua dada yangu. Sasa hivi atanituma muntu."

Sebuleni jirani alikuwa anasema hapa hakuna binti, na wageni wakacheka. Akakataa tena, wakacheka tena. Na nje ya dirisha Tonton naye akacheka, akijipangusa viatu kwa leso ili awe tayari.

Vigelegele vikapigwa. Mama akaingia kunitoa. Nikamnong'oneza, "Mama, Tonton yuko hapo uani anangoja umwite."

"Namuona," akasema. Akanitengenezea nguo begani, taratibu, macho yamejaa machozi. "Mimi nilimukatalia kweli."

Akafunga dirisha, akanishika mkono, tukatoka kwa wageni.