Bi Khole na Kanda ya Hamoud

Bi Khole anauza kanda za nyimbo na udi kwenye soko la Jumatano hapa Ibra, Omani. Ni soko la wanawake watupu, mwanamme haingii hata awe nani. Meza yangu ya nguo za watoto iko ubavuni mwake. Nakaa na mwanangu mapajani, nasikia kila kitu.

Mwaka 1998 kanda iliyotoka sana ilikuwa ya Hamoud, aliyekuwa mumewe. Hamoud alikulia Nakuru, huko akazipenda kantri za redioni, zile nyimbo za gitaa za watu walioachwa. Akaingia studio Maskat, akaimba zake kwa Kiswahili. Kuanzia Sur mpaka Nizwa kila gari la Mswahili lilikuwa nayo.

Wimbo uliobeba kanda nzima ulimtaja Bi Khole kwa jina. Ulisema alimkimbia mume yuko kitandani hospitali, akaondoka na dhahabu. Watoto wakauimba njiani. Bi Ghaniya, aliyekuwa amemposea mwanawe binti wa Bi Khole, Wiam, akaacha kuja kwao, posa ikalala.

Bi Khole hakulia. Alinambia, "Mwanangu, yule ana sauti nzuri. Na mimi ninayo sauti yake nyengine."

Zamani watu walipelekeana barua za kanda: unajirekodi kwa redio ya kanda, unampa msafiri. Hamoud alimpelekea moja kutoka Nizwa, Bi Khole hajamaliza arubaini ya uzazi wa Wiam. Kaiweka miaka kumi na minane sandukuni, imefungwa ndani ya kanga.

Akanunua kanda za Hamoud katoni nzima. Nilimsaidia kwake, mchana kutwa. Tunaziba vitundu viwili vya juu kwa selotepu ili kanda ikubali kurekodiwa, tunauacha wimbo umalizike, kisha kwa redio ya deki mbili tunaitia ile barua. Gitaa likinyamaza, inaingia sauti ile ile:

"Khole, mimi nishaoa huku Nizwa. Usinisubiri. Dhahabu yako nimeiuza, mahari yalikuwa makubwa. Mtoto mwite utakavyo."

Jumatano hiyo ziliisha kabla ya saa tano.

Jumatano ya tatu Hamoud alikuja, akasimama mlangoni mwa soko, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi vizuri.

"Khole, toka tuzungumze."

"Ingia wewe, mgonjwa. Au bado hujapona?"

Wanawake wakacheka.

"Wallahi unaniharibia kanda yangu."

"Mimi? Sauti ya nani hii?" Akabonyeza redio, akaifungua sauti mpaka mwisho. Hamoud akasikiliza, anatazama viatu vyake.

"Unataka nini?"

"Sema hapo hapo mlangoni. Nani kamwacha nani?"

Mwanangu aliacha kunyonya, akageuka kumtazama Hamoud.

"Mimi nilikuacha."

"Na dhahabu?"

"Niliiuza mimi."

"Ahsante. Sasa rudi studio ukayaimbe hayo. Mpaka niyasikie kwenye gari za watu, mimi nauza."

Hamoud akaondoka. Sikumuonea huruma; na mimi mwanangu wa kike.

Bi Ghaniya alikuwepo, anachagua udi. Akasogea, sauti ya chini. "Wiam hajambo?"

"Hajambo."

"Nipe kanda moja, dada. Na nyumbani, tuje lini?"

Bi Khole akaipangusa kanda kwa ncha ya shela, akamkabidhi.

"Kanda chukua," akasema. "Nyumbani msije."