Aliyeshika Msumeno kwa Chini

Mimi si mtu wa kupamba maneno. Mti niliuangusha mimi, mbao nilizipasua mimi, na mwenzangu wa kazi siku ile alikuwa marehemu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unyamaze nikusimulie.

Ilikuwa hapa hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wa Wadachi, Wajerumani wale, vita vyao vimeshaanza. Mimi na mdogo wangu Hamisi tulikuwa wapasuaji wa mbao. Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo; mmoja anasimama juu yake akifuata mstari wa mkaa, mwenziwe yuko shimoni anavuta msumeno kwa chini, na unga wote wa mbao unammwagikia usoni. Hamisi alikuwa mtu wa chini. Akisikia msumeno unakaribia fundo, hukohoa kikohozi kifupi ili nilegeze mkono. Hakuna mwingine aliyekuwa na masikio yale.

Basi Wadachi wakamkamata sokoni, kopo la mawese likiwa bado kichwani, wakamtwika mizigo ya vita. Msafara wao uliongozwa na shaushi mmoja, askari mwenye sauti ya upole. Aliporudi peke yake alikuja mpaka kwetu, akanywa maji yetu, akasema, "Boma linataka mbao za mashua. Leteni mbao za mvule, nami nitamwachia kijana wenu."

Mvule tulikuwa nao, nyuma ya jiko. Chini yake mama alizika kitovu cha Hamisi alipozaliwa. Jirani yetu, Mama Nyandwi, aliposikia shoka alimjia mama mbio.

"Dada, unafanya nini? Mutu anafuata muti wa kitovu chake! Ukiuangusha atakuja, hata akiwa namna gani."

"Si ndiyo ninachotaka?" mama akamjibu. "Aje!"

Mti ukaanguka. Nikapaka ncha za gogo udongo uliochanganywa na mawese, zisipasuke kwa jua, nikalilaza juu ya shimo, nikapiga mstari. Lakini nani ashuke chini? Nilizunguka mtaa mzima, kila mtu ana mgongo unauma. Waliogopa kitovu, hawakutaka kusema tu. Jua la utosi likanikuta nimesimama juu ya gogo langu, msumeno umening'inia shimoni, machozi yananitoka kwa hasira.

Msumeno ukavutwa.

Niamini. Ulivutwa kwa chini, taratibu, kama mtu anayepima uzito wake. Nami nikavuta juu. Nilidhani jirani mmoja ameona aibu akateremka. Tukaenda hivyo, unga unamwagika, mpaka nikasikia kikohozi kifupi. Mkono ukalegea wenyewe. Fundo likapita.

"Hamisi?"

"Yaya, usitazame chini," akasema. Kwetu mkubwa wako unamwita Yaya. "Utapoteza mustari."

Ningefanya nini, wewe? Nilifuata mstari. Mama alisikia ile sauti akatoka jikoni, akapiga vigelegele mpaka watu wa ziwani wakageuka. Akateremsha bakuli la ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa kamba, akakaa ukingoni akimweleza habari zote za mtaa, nani kaoa, nani kazaa. Kutoka chini tulisikia "ee, mama" tu.

"Mbao hizi iko za nani?" Hamisi akauliza mwishowe.

"Za boma. Za kukurudisha wewe," nikamjibu.

Msumeno ukasimama. Halafu akavuta tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka ubao wa mwisho ukaachana na mwenziwe na msumeno ukaanguka shimoni. Nikatazama. Unga umelala sawasawa, hauna hata alama ya unyayo. Bakuli limejaa, ndagala wamefunikwa na unga. Mama aliita jina lile mpaka sauti ikamkauka.

Shaushi alizibeba mbao zikiwa mbichi. Nilimwambia zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa fito, zikauke miezi. Akacheka. Zilipinda zote, hata mtumbwi hazikutoa. "Kijana wenu yuko njiani," akasema shaushi nilipomdai mdogo wangu.

Mume wa Mama Nyandwi, naye alitwikwa katika msafara ule ule, alirudi kutoka kwenye mizigo, mifupa mitupu. Yeye ndiye aliyetueleza. Hamisi alikufa kwa kuhara njiani, zamani, kabla sijashika shoka. Na aliyemtua mzigo, akamtwika mwingine, akaamuru msafara uendelee, ni shaushi yule yule. Alikaa kwetu, akanywa maji yetu, huku akijua!

Ubao mmoja niliuficha. Ulikauka vizuri, umenyooka. Mama hakukubali uwe mlango wala kitanda. Alipofariki nilimfunika nao kaburini.

Mpaka leo sipasui mbao. Nikisikia mtu anakohoa kwa chini, mikono inalegea yenyewe. Nawe, mwenye nguvu akija kukwambia lete kitu nikupe mtu wako, usiguse shoka. Mwambie akuonyeshe kwanza mtu wako, akiwa anapumua.