Shimo Nilimozaliwa

Tanga ni mji mzuri, sikatai. Barabara zimenyooka, baiskeli tele, na bahari iko palepale mwisho wa mtaa. Lakini nilirudi kijijini kwetu Maretadu na hasira, na ninayo mpaka leo. Mimi niliishia darasa la pili. Mnisamehe mwandiko, maneno msiyasamehe.

Biashara ilipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza mazao, nikaanza kupeleka maharage Arusha kwa gari la kukodi, baadaye kwa gari langu. Maharage hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yangu ualimu. Akapangiwa kazi Tanga, akaolewa hukohuko. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza, mkoa wetu wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na huko pwani hakuna aliyeujua. Mama mkwe wake aliniuliza, "Manyara si ile mbuga, mkwe? Na watu nao wanakaa humo?"

"Tunakaa na tembo," nikamwambia. Akacheka, nami nikacheka. Hapo sikukasirika.

Jumapili mume wa binti yangu akatafuta gari na dereva, ili sisi na mama yake tutembezwe. Asubuhi tulikwenda Tongoni kuona magofu, kuta za mawe ya baharini na makaburi ya watu wakubwa wa zamani. Joto lile linakukamata shati kama mtu anayekudai. Mchana tukaenda mapango ya Amboni. Kabla hatujaingia, binti yangu akanivuta kando.

"Baba, nakuomba. Mambo ya nyumbani usiyaseme mbele ya mama."

"Mambo gani?"

"Yale ya zamani, baba. Unayajua."

Niliyajua. Nikainama, nikaingia.

Ndani kulikuwa na popo na giza. Mtembeza wageni, mwanamume mwenye tochi na maneno mengi, alituonyesha jiwe linalofanana na kiti, jiwe linalofanana na mamba, akasema njia moja inatokea Mombasa. Sawa. Kisha akamulika kona moja akasema, "Watu wa kale walikaa mashimoni hivi, kama nguchiro. Nyumba hawaijui. Akili ilikuwa bado."

Mama mkwe akacheka. Mkwe wangu akacheka. Binti yangu naye akacheka.

"Mimi nimezaliwa shimoni," nikasema.

"Mzee ana utani huyu!" akasema yule mwenye tochi.

"Nina utani na wewe? Nakujua?"

Nikamweleza palepale, na sauti inarudi kutoka kwenye mawe. Tembe yetu ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Unachimba kuingia ndani, unasimamisha nguzo, unalaza miti, unafunika kwa udongo mpaka paa linalingana na ardhi. Nyasi zinaota juu yake. Mwizi wa ng'ombe akisimama kilimani haoni nyumba, anaona malisho tu, na chini yake mmelala ninyi na ng'ombe wenu wote. Babu yangu aliokoa zizi zima namna hiyo. "Sasa niambie," nikamwambia, "hapo akili ilikuwa bado?"

Yule bwana akazungusha tochi ukutani. Mama mkwe akamgeukia binti yangu. "Ni kweli, mwanangu? Ulisema kwenu nyumba ni ya matofali tangu babu."

"Baba anatania, mama."

Nikatoka nje peke yangu, nikijikwaa. Sijapigwa na mtu tangu niwe mtu mzima, lakini maneno yale yalinipiga. Binti yangu akanifuata mpaka kwenye mti nilipokuwa nimesimama.

"Unanikana mbele ya watu," nikamwambia.

"Baba, ulipojenga nyumba ya bati, nani alilifukia lile shimo?"

Nikachuna jani la ule mti.

"Mkaguzi wa shule alipokuja ukamwambia pale palikuwa shimo la mbolea. Mimi nikasema hapana, ni kwa babu. Ukanichapa. Umesahau? Mimi sijasahau."

Ilikuwa kweli tupu. Hilo lilinikasirisha kuliko yule mtembeza wageni na tochi yake. Nilimkasirikia binti yangu kwa kukumbuka, nikajikasirikia mwenyewe kwa ule udongo niliomwaga kwa mikono yangu, toroli baada ya toroli, nikijiona nimeendelea.

Tukapanda gari turudi mjini. Mume wa binti yangu alitazama barabara kana kwamba yeye ndiye dereva. Tulipokaribia mjini mama mkwe akauliza, taratibu tu, kama mtu anayeulizia upishi, "Sasa mkwe, hilo shimo mvua ikinyesha inakuwaje?"

Swali lile nilimwachia binti yangu makusudi. Nikangoja. Yeye alitazama dirishani, nikadhani nimempoteza.

"Maji hayaingii, mama," akasema. "Nyuma kuna mfereji, unayapeleka pembeni. Baba alikuwa akiuzibua kila masika. Mimi nilikuwa namshikia jembe."

Mama mkwe akasema, "Kumbe."

Sikumshukuru. Hasira ilikuwa bado haijaisha. Nilimsahihisha tu.

"Miwili," nikasema. "Mifereji ilikuwa miwili."